Habari za Sandarusi, na Jinsi Jua Linavyoifunga

Wasomaji wetu wengi huijua Bandari ya Dar es Salaam kwa meli zake, na Kariakoo kwa nguo na nafaka. Walakini wachache wanajua ya kuwa kabla mji haujapata jina lake, moja katika vitu vilivyowaleta wafanyi biashara wa mbali kwenye pwani hii kilikuwa ni utomvu wa mti. Utomvu huo ndio sandarusi. Nataka kueleza habari zake za kale, na pia jambo ambalo wazee wetu waliliona kwa macho, na wataalamu wa Ulaya wakakawia sana kulijua sababu yake: kwa nini utomvu huu, uliotoka mtini ukiwa laini kama asali, hugeuka ukawa kitu kigumu kama kioo, hali utomvu wa miti mingine haugeuki hivyo.

Hapo palipo mji sasa palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kiitwacho Mzizima, na upande wa kusini, ng'ambo ya maji, palikuwa na Mbwamaji. Nchi iliyo nyuma yake ni Uzaramo. Katika mchanga mwekundu wa nchi ile, mahali ambapo zamani palikuwa na msitu, watu walichimba sandarusi kwa majembe, hasa wakati wa mvua ardhi ilipokuwa laini. Walitwaa mabonge madogo na makubwa, yamefunikwa na ganda la mchanga, wakayapeleka pwani kwa wenye maduka wa Kihindi, na kutoka huko yakavushwa mpaka Unguja.

Mwaka 1833 Sayyid Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja. Mtu huyu alitoka katika mji mdogo wa Salem, na merikebu za Salem ndizo zilizoleta ile nguo nyeupe ambayo hata leo huitwa merikani. Kwa nguo hiyo walinunua pembe, ngozi na sandarusi. Mizigo ya sandarusi ilipofika Salem iliogeshwa katika maji makali ya magadi, ikasuguliwa kwa brashi mpaka ganda likatoka, na chini yake ukaonekana uso wenye vipele vidogo, kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa manyoya. Baada ya mwaka 1861, Wamarekani walipobadili ushuru wao, kazi hiyo ya kuosha ilihamia Unguja.

Sandarusi ilitumiwa kufanyia vanishi. Magari ya farasi ya wakubwa wa Ulaya, mabehewa ya reli, meza na viti vya thamani, vyote vilipakwa vanishi hiyo, na ile iliyotoka pwani yetu ilihesabiwa kuwa ngumu kupita zote. Katika masoko yao waliiita sandarusi ya Unguja, ingawa sehemu yake kubwa ilichimbwa bara. Ndivyo ilivyo biashara: kitu hupewa jina la mlango kilikotokea, wala si la shamba.

Sayyid Majid alipoanza kuujenga mji mpya katika miaka ya 1860, aliichagua bandari hii kwa ajili ya maji yake matulivu yenye kina, na kwa ajili ya njia za biashara za bara. Boma la Kale lililo karibu na bandari lilijengwa siku zake, nalo lingalipo. Majid akafa mwaka 1870, na kazi ya mji ikalala. Wachimbaji wa Uzaramo hawakulala: waliendelea kuchimba.

Wachimbaji hawa walikuwa na elimu yao. Walitenga sandarusi namna mbili. Ile iliyochunwa mtini, au iliyookotwa chini ya mti ikiwa ingali mpya, waliiita chakazi, yaani mbichi. Ile iliyochimbwa mahali ambapo mti umekwisha kufa zamani, ndiyo sandarusi yenyewe. Chakazi ilipata bei ndogo, ikapelekwa Bombay. Wazungu walipolisikia neno chakazi walilipotosha, likawa neno la lugha yao lenye maana ya punda dume, na katika vitabu vyao vya biashara likaandikwa hivyo! Mwingereza Richard Burton, aliyepita pwani hii mwaka 1857 akielekea maziwa ya bara, aliandika habari ndefu za sandarusi, na ndani yake aliwadharau wachimbaji kuwa watu wavivu wanaokwaruza ardhi tu. Mimi naona kwamba hukumu hiyo si ya haki. Mtu alipwaye nguo kidogo kwa mzigo ambao atakayeupokea mwisho atautajirikia, kwa nini achimbe kisima? Na katika jambo la kutenganisha mbichi na iliyokomaa, wachimbaji walikuwa mbele ya wasomi.

Maana huko Ulaya palikuwa na mashindano. Wengine walidhani ya kuwa sandarusi ya ardhini ilitoka katika mti wa namna nyingine uliokwisha kutoweka duniani. Tabibu John Kirk, aliyefika Unguja mwaka 1866 na baadaye akawa balozi wa Uingereza, ndiye aliyelichunguza jambo hili kwa uangalifu. Alitazama mabonge yaliyochimbwa, akaona ndani yake majani na maua yaliyonaswa zamani, akayalinganisha na majani na maua ya msandarusi ulio hai. Yalikuwa ya mti mmoja. Basi ikawa tofauti ya chakazi na sandarusi si tofauti ya mti, bali ni tofauti ya mambo yaliyoupata utomvu baada ya kutoka mtini. Mambo gani? Kirk hakuweza kuyajua, kwa sababu elimu ya kuyaeleza ilikuwa bado changa.

Hapa naomba msomaji anifuate polepole. Kila kitu kimefanyizwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu, na atomu zikishikana huwa molekuli. Mwaka 1858, Burton angali bara, mtaalamu wa Kidachi August Kekulé alitangaza kwamba atomu ya kaboni ina mikono minne ya kushikia wenzake, na kwamba kaboni huweza kushikana yenyewe kwa yenyewe kama watu waliopanga mstari. Pengine atomu mbili hushikana kwa mkono mmoja mmoja, na pengine kwa mikono miwili miwili. Walioshikana kwa mikono miwili wanaweza kuachia mmoja na kumshika mwingine apitaye, wala wao wenyewe wasiachane.

Sasa tuutazame utomvu wa msandarusi. Molekuli zake kubwa za maana zina atomu 20 za kaboni. Nyingi katika hizo zimefungwa katika pete mbili zilizoungana ubavu, na katika pete hizo hutoka mkia mfupi. Ncha ya mkia ndipo penye siri yote. Atomu nne za mwisho zimepangwa hivi: ya kwanza na ya pili hushikana kwa mikono miwili, ya pili na ya tatu kwa mmoja, ya tatu na ya nne kwa mikono miwili tena. Mpango huu ni mwepesi wa kuamshwa. Utomvu unapotoka katika jeraha la mti ukakutana na hewa na mwanga wa jua, mwanga ule pamoja na oksijeni huuacha mkono mmoja mtupu. Mkono mtupu haukai. Humkamata jirani yake kwenye ncha ya mkia. Jirani akikamatwa naye hubaki na mkono mtupu, humkamata wa pili, na wa pili wa tatu. Hakuna msimamizi wala fundi, na molekuli nyingi mno hujifunga mnyororo mmoja, na minyororo mingine hushikana kwa ubavu. Utomvu haumwagiki tena. Moja katika asidi zilizopatikana ndani ya sandarusi hii, wataalamu waliipa jina la Zanzibar. Jina la mlango, tena!

Lakini mwanga haupenyi mbali. Huanza juu, na ndani ya bonge hubaki molekuli nyingi zisizoshikwa bado, pamoja na mafuta mepesi yenye harufu. Hiyo ndiyo chakazi: ganda limefunga, moyo haujafunga. Ukidondosha spiriti juu yake, hunata kidoleni, kwa maana zile molekuli zilizo peke yake huyeyuka. Zikipita zama bongeni likiwa ardhini, mafuta hutoka kidogo kidogo, na waliobaki huzidi kushikana, hata spiriti ikawa haina la kuyeyusha ila kidogo. Mchimbaji wa Uzaramo aliyeligonga bonge, akalinusa, akasema hili bado, alikuwa anapima jambo hilihili.

Ili kuona kwamba shauri liko katika umbo la molekuli, tulinganishe na uvumba, ambao Mamajusi walimletea Mtoto Yesu pamoja na dhahabu na manemane. Uvumba pia ni utomvu wa mti, nao pia hukaa juani katika nchi za Wasomali na Waarabu, jua kali kuliko letu. Walakini haufungi mnyororo. Asidi zake zina kaboni 30 katika pete tano, na ile mikono miwili iliyopo imefichwa ndani ya pete, kama mtu aliyeketi katikati ya umati asiyeweza kumfikia apitaye njiani. Utomvu wa msonobari nao ni hivyo: mikono yake miwili imo ndani ya pete, na kwa hiyo hubaki kitu cha kuvunjikavunjika kiyeyukacho upesi. Uvumba huo ukitiwa juu ya makaa huyeyuka ukatoa moshi wenye harufu, na tangu siku za Hekalu watu wameutumia kwa ajili hiyo. Lakini hakuna fundi wa magari aliyeupaka garini mwake. Jua ni lilelile, hewa ni ileile, bali mkia wa msandarusi umeelekezwa nje, na pete za uvumba zimejifunga.

Ugumu huo ulikuwa faida na taabu pia. Fundi wa vanishi alipotaka kuyeyusha sandarusi katika mafuta ya kitani, ilikataa. Hapana budi aichome kwanza katika chungu cha shaba, kwa moto mkali sana kupita ule wa kuchomea mkate, mpaka minyororo ikakatika. Sandarusi ilitoa moshi mkali, ikapoteza kama robo ya uzito wake, na mara nyingine chungu kizima kilishika moto. Mafundi walifanya kazi hiyo miaka mingi pasipo kujua wanakata nini. Hata mwaka 1920, Hermann Staudinger alipoandika kwamba vitu kama mpira ni molekuli ndefu mno zilizofungwa kama mnyororo, wenzake wengi walimkatalia. Akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1953, akiwa mzee.

Wala si miti peke yake iliyotumia jua namna hii. Mfaransa Nicéphore Niépce, kati ya mwaka 1826 na 1827, alipaka lami juu ya bamba la aloi ya bati, akaliweka ndani ya sanduku lenye kioo, likitazama dirishani mwake. Mahali mwanga ulipopiga, lami ikawa ngumu. Mahali penye kivuli ikabaki laini, akaiosha kwa mafuta. Ikabaki sura ya nyumba na paa. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya namna ya kamera iliyohifadhiwa mpaka leo. Baadaye wachapaji waligundua njia nyingine ya kufanya gundi iwe ngumu kwa mwanga juu ya mabamba ya zinki, na kwa njia hiyo picha ziliingia magazetini, yakiwa pamoja na magazeti ya misheni. Na yeyote aliyezibwa jino siku hizi kwa dawa nyeupe, ameona daktari akielekeza taa ya bluu kinywani. Dawa ile ina molekuli zenye mikono miwili nchani, kama ule utomvu, na kitu cha kuuamsha mwanga ndani yake hutengenezwa kwa kafuri.

Turudi pwani. Wadachi walishika kituo hapa mwaka 1887, na mwaka 1891 wakaufanya mji kuwa makao makuu ya utawala wao. Wakati huo biashara ya sandarusi ilikuwa imekwisha kupungua, na watu wa Uzaramo walikuwa wakitafuta mpira wa porini, uliolipa zaidi. Kisha Leo Baekeland, katika mwaka 1907, alitengeneza utomvu mgumu kiwandani, pasipo mti wala shimo. Vanishi za viwandani zikafuata, na wanunuzi wakaisahau sandarusi. Majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, na kikosi cha wapagazi wao, ambao maelfu yao walikufa katika vita ile, kikaacha jina lake la Kiingereza mahali penye kambi yake. Vinywa vya watu vikalifanya Kariakoo. Hivyo mtaa ule una jina la watu waliochukua mizigo mabegani.

Katika maduka ya Kariakoo kuna vitu viwili vingine vinavyotii sheria hizi za umbo, navyo ni sabuni na nguo za rangi. Nitavitaja kwa kifupi, kwa sababu mtu mmoja alivichunguza vyote viwili.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao. Zikiwa nyingi majini, hukusanyika zenyewe, mikia ndani, vichwa nje, zikawa vifungu vidogo visivyoonekana, na uchafu wa mafuta huingia katikati ya mikia. Hapa hazishikani mikono kama sandarusi; hukaa pamoja tu, na maji yakiongezwa sana huachana. James McBain huko Bristol alilisema jambo hili tangu mwaka 1913. Urefu wa mkia ndio unaoamua tabia ya sabuni. Mkia wa mafuta ya nazi, ulio mwingi kuliko mingine, una kaboni 12; wa mafuta ya ng'ombe una 16 au 18. Kwa hiyo sabuni ya nazi hutoa povu upesi, hata katika maji ya chumvi, jambo ambalo mabaharia walilijua, na ambalo mtu wa pwani mwenye kisima cha maji ya chumvichumvi hulishukuru.

G. S. Hartley wa London alikuwa mmoja wa waliochunguza sana vifungu hivyo vya sabuni katika miaka ya 1930. Huyohuyo, mwaka 1937, alikuwa akipima kitu kiitwacho azobenzini, naye akaona vipimo vyake havilingani. Akatambua kuwa vilitofautiana kwa sababu ya mwanga. Molekuli hii ina pete mbili zilizoungwa kwa atomu mbili za naitrojeni. Gizani huwa imenyoka; ikipigwa na mwanga hujikunja kama kiwiko; ikiwekwa tena gizani hunyoka polepole. Kiungo hichohicho cha naitrojeni, ambacho njia yake ya kukiunga iligunduliwa na Peter Griess mwaka 1858, ndicho kilichomo katika rangi nyingi za viwandani zitumiwazo kutia nguo rangi. Kwa hiyo nguo inayoanikwa kambani hupigwa na mwanga ambao huzitikisa molekuli zake. Nyingi hujirudi mara moja pasipo madhara. Lakini kila siku chache huvunjwa na mwanga na oksijeni, wala hazirudi, na ndiyo maana mama mwenye busara huanika kanga yake kivulini, au huigeuza ndani nje.

Baadaye wataalamu waliviunganisha vitu hivyo viwili: waliunda molekuli za namna ya sabuni zenye kiwiko cha Hartley mkiani. Zikiwa zimenyoka hukusanyika. Zikimulikwa hujikunja, na mkusanyiko wake hubadilika au huvunjika. Kwa shauri la namna hii, la kuipa molekuli umbo ili mwanga uiendeshe, Mholanzi Ben Feringa alitengeneza mwaka 1999 molekuli izungukayo kwa mwanga, na mwaka 2016 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Imebaki habari ya umri wa sandarusi. Kwa muda mrefu wauzaji wa mabonge yenye wadudu ndani waliyasifu kuwa ya miaka maelfu kwa maelfu, na wengine walisema mamilioni. Lakini vipande vya Madaga ska, vya mti huohuo wa msandarusi, vilipopimwa kwa kaboni, vingi vilionekana kuwa vya miaka mia chache tu, na vingine havikufika hata hapo. Basi wadudu wale si wa dunia ya kale isiyojulikana. Ni wadudu wa msitu ambao mababu wa mababu zetu walipita chini yake. Kwa wataalamu jambo hili lina thamani kubwa, maana kila bonge ni habari ya msitu wa pwani ulivyokuwa kabla haujafyekwa kwa mashamba na makaa. Msandarusi ungali unaota katika misitu michache iliyobaki kwenye pwani hii. Ukiujeruhi asubuhi, utomvu hutoka ukiwa mwembamba na mweupe, na baada ya siku chache za jua ganda lake huwa limekwisha kufunga.